Zamu ya Papa kwenye Usukani

Bukavu, 11 Septemba 2022

Shakila mdogo wangu,

Barua hii isome ukiwa peke yako, kisha iingize kwenye moto wa mbabula pamoja na mkaa. Naandika kwenye karatasi kwa sababu simu ya nyumbani inalala mfukoni mwa Papa, na yeye husoma kila kinachoingia, hata matangazo ya wauza mega za intaneti. Dada anayekuletea anafanya kazi kwenye boti. Mshukuru haraka na umwache aende, maana Papa akimuona atamuuliza maswali mpaka boti imwache.

Umeniambia gari la bosi litatoka gereji mwezi wa kumi, na safari ya kwanza kwenda Rutshuru ni zamu ya Papa, siyo ya Birindwa. Tangu nisome hivyo sili vizuri. Mwaka jana mlima ulipotapika na lava ikameza gari lake mwenyewe kule Buhene, nilidhani sasa atapumzika. Akaenda kushika gari la mtu mwingine, wanabadilishana na Birindwa, huyu safari hii, yule ijayo. Na barabara ni ileile, ila sasa ina waasi. Kumwambia asiende ni kazi bure. Nimeshamwambia, umeshamwambia, imamu amemwambia.

Kwa hiyo nitamfunga kwa kitu anachokipenda. Nitamwambia nahitaji dereva.

Unakumbuka usukani niliouacha hapo Ndosho, ule tuliounda na Jean-de-Dieu kwa mota ya waipa za lori? Tarehe 22 Oktoba kuna mbio za mtandaoni za Ligi ya Maziwa, gari moja madereva wawili, nusu kwa nusu. Mimi na Jean-de-Dieu ndio tuliojiandikisha. Nimemwomba amwachie Papa nafasi yake, na amekubali, ingawa kwa shingo upande. Papa ataambiwa kwamba Jean-de-Dieu amevunjika kifundo cha mkono. Wewe kazi yako ni kumkalisha kwenye kiti. Mbio hizi zikiisha nitamtafutia nyingine, na nyingine, mpaka barabara itulie.

Usinihukumu. Namtaka akiwa hai, basi.

Dada yako mkubwa, yaya Asma


Bukavu, 11 Septemba 2022

Papa,

Salamu nyingi kutoka huku Bukavu. Mimi mzima, kazi ya kwenye chumba cha michezo inaendelea, na Mama Léocadie anayenihifadhi anakusalimia.

Papa, niko kwenye shida na sioni mwingine wa kunitoa. Jean-de-Dieu, mwenzangu wa mbio, kifundo cha mkono kimevunjika huko gereji. Nikifika siku ya mbio bila mwenzangu, gari langu linafutwa, na nimejiandaa mwaka mzima. Sheria inasema kila gari liwe na madereva wawili. Mimi nitaendesha nusu ya kwanza nikiwa hapa, kisha wewe utalipokea ukiwa hapo Ndosho. Ni gari lilelile, linapita tu kwenye waya.

Najua utasema ni mchezo wa watoto. Lakini usukani unavuta kweli, freni inakataa kweli, na ukiteleza umeteleza. Wewe umeendesha tangu kabla sijazaliwa. Nisaidie.

Ndani ya bahasha kuna flashi, nimerekodi mizunguko yangu. Shakila atakuonyesha. Tuandikiane tu, mega tunazitunza kwa mazoezi.

Binti yako, Asma


Goma, Ndosho, 18 Septemba 2022

Asma mwanangu,

Barua yako imenuka dagaa wa sambaza, kwa hiyo nimeamini kweli imetoka kwenye boti. Mara ya kwanza kuisoma nilicheka. Mara ya pili nikamwita Shakila aniwashie hicho kidude chenu.

Mimi nimeshusha Benz yenye tani za maharage kwenye tope la Rugari, freni zimekufa, na hakuna mbegu hata moja iliyomwagika. Leo nimeshindwa na gari lisilo na uzito. Nimekanyaga kidogo tu, likazunguka mara tatu na kuangalia nyuma. Shakila akacheka mpaka akakaa chini. Nimemfukuza chumbani.

Nina maswali. Tumebeba nini? Shakila anasema hatukubeba kitu. Tunakwenda wapi? Anasema tunarudi palepale tulipotoka. Sasa haraka yote ni ya nini? Nimezunguka asubuhi nzima na sikufika popote. Halafu honi iko wapi? Naingia kwenye kona bila kupiga honi, kama mwizi. Mwambie aliyetengeneza hiyo gari kwamba amesahau.

Hata hivyo nitakusaidia. Mtoto hafutwi nikiwa na mikono miwili. Na mikono yenyewe, tangu gari liingie gereji, haijui ikae wapi. Naamka, natembea mpaka kwenye mzunguko wa rond-point, narudi, nakunywa chai, natembea tena. Afadhali hicho kiti.

Huyo Jean-de-Dieu nimempelekea maziwa ya moto kwa mkono wa Shakila. Mfupa unataka maziwa.

Baba yako, Useni


Goma, 27 Septemba 2022

Yaya Asma,

Maziwa ninakunywa mimi. Ni ya Masisi, matamu sana. Jean-de-Dieu amejificha kwenye gereji yao na kila mara Papa akipita barabarani anaingiza mkono kwenye shati.

Mpango wako unakwenda, ila hujui unachonitendea. Papa anavaa ile kofia yake ya safari kabla hajakaa. Anasoma Bismillahi, anapanga kioo ambacho hakipo, anapiga teke tairi ambalo nalo halipo. Umeme ukikatika anaingia uani na kuzunguka tangi la maji, mikono mgongoni, mpaka kuku wametuhama. Jana alinipigia kelele: "Shakila, kuya uone, ile gari nyeusi iko nanifuata tangu kule chini! Iko na nia gani?" Nikamwambia Papa, ni mashindano, wote wanakufuata. Akasema: "Mutu mwenye iko natembea na roho safi hafuate mutu hivi."

Lakini anajifunza. Haendi nje ya njia tena. Mizunguko yake inafanana yote, kama imepigwa kwa rula. Jean-de-Dieu alichungulia dirishani akaniambia watu wengi wana kasi kuliko yeye, lakini hakuna anayerudia vile.

Kitu kimoja kinaniogopesha. Kila adhuhuri anapita kwa mafundi kuuliza habari ya gari la bosi. Akirudi ananawa mikono, anakaa, anaendesha, na miguu yake chini ya meza haitulii.

Shakila


Bukavu, 2 Oktoba 2022

Papa,

Nimekaa nikitafuta maneno ya adabu na sijayapata, kwa hiyo nitauliza tu. Jana, kwenye mbio za majaribio, kwa nini ulisimama?

Tulikuwa wa tisa! Nilikukabidhi gari zima, halina mkwaruzo. Ulikuwa unaendesha vizuri mpaka machozi yalinitoka hapa mbele ya wateja. Halafu lile gari la njano likapinduka mbele yako, na wewe ukawasha taa za dharura, ukaegesha pembeni yake, ukakaa. Ukakaa, Papa! Magari mawili yakatugonga kwa nyuma. Wasimamizi wa ligi wameniandikia wakiuliza kama dereva wangu amezimia.

Hakuna mtu ndani ya gari la njano. Ni kijana yuko Kampala, amekaa kwenye kiti chake, labda anakula chapati. Akipinduka, mchezo wenyewe unamrudisha barabarani. Tafadhali, siku ya mbio upite.

Asma


Goma, Ndosho, 5 Oktoba 2022

Asma,

Adabu haikukupotea, nimeiona kati ya mistari. Sasa sikiliza.

Kwenye barabara yetu shofere hampiti shofere aliyekwama. Hata mkiwa mmegombana, hata akiwa anadaiwa na wewe. Unasimama, unakata majani unayatandaza nyuma ya gari lake ili wanaokuja waone, unamuuliza amekosa nini. Ukimpita, habari inafika Rutshuru kabla yako, na siku yako ikifika utalala na gari lako peke yako. Nimeishi hivyo miaka yote. Siku ile niliona magurudumu juu, mguu ukakanyaga wenyewe. Kichwa hakikuulizwa.

Yule kijana wa Kampala aliniandikia Kiingereza. Shakila anasema alikuwa anauliza kama mimi ni mgonjwa. Nimemjibu kupitia Shakila kwamba siyo mgonjwa, nilikuwa namsubiri aamke.

Nitajitahidi kupita. Nimejaribu leo, nikafumba jicho moja, nikapita. Sikujisikia vizuri.

Ila kuna jambo kubwa kuliko hilo. Gari la bosi limetoka gereji. Safari ni Jumatano tarehe 19, kupakia maharage Rutshuru, na zamu ni yangu. Jumamosi ya mbio zako nitakuwa bado huko. Tafuta mwingine, mwanangu, au huyo Jean-de-Dieu aendeshe kwa mkono mmoja. Wanasema barabara imetulia. Na mimi, nikwambie kweli, nikisikia mtambo wa lori barabarani nasimama kama mtu aliyeitwa jina.

Baba yako


Bukavu, 9 Oktoba 2022

Papa yangu,

Hapana. Mwingine hayupo. Nimeuliza Bukavu nzima. Usipokaa kwenye kiti tarehe 22 gari langu linafutwa, na mwakani hawanipokei tena. Kila nilichokijenga tangu tulipokimbia mlima kinaishia hapo.

Na siyo hilo tu. Tangu Mama atutoke, mimi na wewe hatujafanya kitu pamoja. Nikiwa mdogo ulikuwa safarini. Ulipopumzika, nikawa mimi niko Bukavu. Siku ile ya majaribio, ulipopokea gari langu, nilisikia pumzi yako kwenye kipaza sauti, ukisema polepole, "Haya, haya, mama, twende." Hujui nilivyosikia. Nataka hicho kitu mara moja tu, mpaka mwisho wa mbio.

Birindwa si yupo? Mbadilishane zamu. Yeye aende hii, wewe uende ijayo. Mara ngapi umeendesha kwa ajili yake?

Nakuomba kama mtoto anavyomwomba baba yake.

Asma


Goma, Ndosho, 14 Oktoba 2022

Asma,

Umeshinda. Nilikwenda kwa Birindwa nikiwa na aibu, nikamweleza kwamba binti yangu ananihitaji kwenye mbio za magari yasiyokuwepo. Nilidhani atanicheka mwaka mzima. Akaweka kikombe chini akaniambia: "Muzee, mutoto akikuita, unaenda. Miye nitapeleka gari. Siku ingine utanilipa, utapeleka mara mbili." Mke wake Mama Élodie alikuwa anapepeta mchele, akasema afadhali, maana mume wake akikaa nyumbani anamaliza sukari.

Nimempa tochi yangu na ile jeki kubwa, yake ina mafuta yanayovuja. Sasa niache, nataka kufanya mazoezi. Ile kona ya tatu bado inanidharau.

Useni


Goma, 24 Oktoba 2022

Yaya,

Wa saba! Nilipiga vigelegele mpaka majirani walidhani mtu ameolewa. Ulimwona alivyopita lile gari jeupe kwenye kona ya tatu? Alisimama kwenye kiti! Nusu ya mtaa ilikuwa dirishani. Papa alipovuka mstari alivua kofia, akafuta uso, akauliza: "Sasa tunashusha wapi?" Watu wakacheka mpaka basi. Mimi nilimwona analia kidogo, lakini alisema ni moshi wa jenereta.

Sasa sikia lingine. Vita vimeanza tena Alhamisi, siku moja baada ya Birindwa kuondoka. Barabara imefungwa. Watu wanashuka na magodoro, wamejaa Kanyaruchinya. Birindwa alipiga simu mara moja kutoka Rutshuru, akasema amepakia, anageuza. Baada ya hapo simu yake haipatikani.

Papa hajakaa kwenye kiti tena. Tangu jana amesimama kule chini ambako magari ya Rutshuru yanaingilia mjini, anauliza kila anayetoka huko.

Shakila


Bukavu, 28 Oktoba 2022

Shakila,

Usimwambie kitu. Wala kuhusu mkono wa Jean-de-Dieu, wala kuhusu mpango wetu. Birindwa atarudi, madereva hukwama na kurudi. Mwambie Papa kuna mbio nyingine mwezi wa kumi na mbili, za ngazi ya juu, wametuita wenyewe. Mwambie wamemtaja jina. Mkalishe.

Nimekaa hapa na usukani mkononi na sitaki hata kuuwasha. Nilisali asante siku ile tuliposikia barabara imefungwa na Papa yuko nyumbani. Nilisali asante kabisa, kwa sauti. Halafu usiku huohuo nikakumbuka kuna mtu ndani ya lile lori.

Mkalishe, nakuomba.

Asma


Goma, Ndosho, 6 Novemba 2022

Asma mwanangu,

Jana nilikwenda gereji kwa kina Jean-de-Dieu kuazima pikipiki. Nilimkuta amekumbatia injini nzima, anaiweka juu ya meza peke yake. Tuliangaliana. Alipotaka kuficha mkono ndani ya shati, injini ingemwangukia, kwa hiyo nikamsaidia kuiweka, kisha nikamwambia aniambie. Ameniambia yote. Usimlaumu, wala usimlaumu Shakila. Nimeshamgombeza mimi, na maziwa pia yametajwa.

Nilikasirika, mwanangu. Nilikasirika mpaka nikakaa juu ya tairi. Kisha nikalia, na safari hii hakukuwa na jenereta. Hakuna mtu aliyewahi kufanya kazi kubwa hivyo ili mimi nibaki hai. Mama yako tu, na yeye alitumia kelele. Kama baba, nakushukuru. Sisemi kwa kejeli. Mbio zile zilikuwa siku nzuri kuliko nyingi nilizoishi, na nikifa nitakwenda nazo.

Lakini zamu ilikuwa yangu. Wewe ulihesabu kiti kimoja, cha kwangu. Cha lori hukukiona, na mtu alikaa mle.

Mama Élodie anakuja hapa kila asubuhi. Anakaa kwenye kizingiti na mtoto wake wa mwisho, anakunywa chai anayopewa, anaondoka. Anafikiri mimi nina habari na namficha. Mimi nilifikiri sina. Sasa ninayo, na ni mbaya kuliko ile anayoiogopa, maana ile ni ya vita, na vita havina mlango wa kubisha hodi; hii mlango wake ni wetu.

Juzi mwanamke muuza mkaa ametoka Kalengera kwa miguu. Anasema aliona lori letu kando ya barabara, tairi mbili zimepasuka, maharage yamekwisha kuibiwa, na mwanaume amelala chini ya gari, mguu wake umefungwa kitambaa. Alikuwa na tochi. Aliomba maji. Hiyo ilikuwa siku sita zilizopita. Yule mama alimpa maji akapita, naye alikuwa na watoto, sina la kumlaumu.

Jean-de-Dieu amejaza tangi la pikipiki. Kuna njia ya mashambani ambayo waasi hawakai sana mchana, wauza mkaa wanaipita. Nitaondoka kesho baada ya alfajiri. Usimtume imamu, usimtume Mama Léocadie apige simu, na usinitafutie mbio nyingine. Shakila anajua niendako na amenifungia mikate. Hakunizuia. Alinishikia tu pikipiki nikapanda kuijaribu.

Nina ombi moja. Usiniandikie mimi. Mwandikie Mama Élodie. Mwambie mume wake alikwenda kwenye zamu ya nani, na kwa nini. Nilitaka kumwambia mwenyewe asubuhi hii, nikamkuta anampigapiga mtoto mgongoni apate kulala, nikashindwa. Mimi naweza kumfuata Birindwa. Hiyo barua siwezi. Boti inaondoka Bukavu Jumanne, na yeye atakuwa kwenye kizingiti chetu Jumatano asubuhi.

Baba yako,
Useni